Mahali pa Kumlisha Baba Sur

Baba yangu alisomesha miaka mingi skuli ya Mudhaibi, na alipostaafu alikuwa mwalimu mkuu. Nyumbani kwetu Ibra alitusomesha kitu kingine tena, nacho ni kula. Alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman kijana na sanduku moja, na adabu za kula alikuja nazo kama alivyokuja na Kiswahili chake, wala hakukubali zipungue. Tukikaa kwenye sinia, mimi na kaka yangu, macho yake yalikuwa kwenye mikono yetu. Kula kwa mkono wa kulia. Chukua cha mbele yako. Usitazame tonge la mwenzako. Chakula kikiwa kibaya, usiseme. Na ukipita ukawakuta watu wanakula wakakwambia karibu, sema "starehe" na uende zako, kwa sababu karibu ile ni heshima tu, haina maana kwamba wamekupikia wewe.

Mimi nilikua nikiamini kwamba watu wote wanamtazama mwenzao anavyokula na kumpima hapo. Mpaka leo, mgeni akikaa mezani kwangu, jicho langu huenda kwenye vidole vyake kabla sijasikia anasema nini.

Basi fikiria siku mume wangu aliporudi kutoka arusi moja hapo hapo Ibra, yeye na baba, ambaye anakaa kwetu. Baba akaenda moja kwa moja chumbani kwake, amechangamka. Mume wangu akakaa ukingoni mwa kitanda na kofia yake mkononi. Yeye ni Mwarabu wa Ibra, Kiswahili anachokijua ni cha salamu tu, na kwa kawaida si mtu wa kuzungusha maneno. Siku hiyo alizungusha. Alinieleza ukumbi ulivyopambwa, wali ulivyokuwa mwingi, nani alikaa na nani. Mwisho akasema, "Mzee amechukua nyama mkononi mwa mtu."

"Kwenye sinia, unamaanisha."

"Mkononi. Ami wa bwana arusi alikuwa ameshainyanyua, iko karibu na mdomo. Mzee akaichukua taratibu, kama mtu anayemsaidia mwenzake mzigo, akala."

"Na huyo ami?"

"Alitazama wali. Sote tulitazama wali."

Daktari wa Maskati alikuwa ameshatwambia jina la maradhi na ametupa vidonge. Alituonya kuhusu kusahau majina, kupotea njia, kuuliza jambo lile lile. Kuhusu kula hakutuonya, au labda alisema na mimi sikusikia, kwa sababu nilijiambia kwamba baba anaweza kusahau kila kitu lakini si hicho.

Kaka yangu anakaa Nizwa, anafanya kazi ofisi moja ya serikali. Nilipompigia simu akasema, "Asitoke tena kwenda kwa watu."

"Ni baba yetu, si mfungwa."

"Ndiyo maana nasema. Nusu ya wanaume wa Mudhaibi amewasomesha yeye. Waache wamkumbuke kama walivyomjua."

Nilikubali. Nilikubali upesi, na wepesi wa kukubali kwangu ulinishitua, kwa sababu nilifahamu kwamba nilikuwa namngojea mtu anipe ruhusa. Nilikuwa naona haya. Haya ya baba yangu mwenyewe, ambaye hakuwahi kunitia aibu siku moja.

Kwa hiyo miezi ile baba alikula na mimi jikoni. Kadi za arusi zikija, mume wangu alikwenda peke yake na kusema mzee hajisikii vizuri. Majirani waliuliza hali yake, nikawajibu hajambo, anapumzika. Baba hakulalamika. Ila baridi ilipoingia alianza kusimama dirishani baada ya sala ya adhuhuri, akitazama ile milima mikavu ya kwetu, na kuuliza, "Hapa bahari iko upande gani?"

"Bahari haiko hapa, baba. Hapa Ibra."

"Najua ni Ibra. Nakuuliza upande."

Nikamwonyesha upande wa Sur. Siku nyingine, nikimwekea samaki, alimgeuza kwa kidole, akala, akasema kwa upole, "Huyu wa friza ana ladha ya friza. Nipeleke nikale aliyevuliwa leo."

Hilo nililiona naweza kulifanya. Kutoka kwetu mpaka Sur ni safari ya kumaliza asubuhi moja kwa gari. Nilikodi fleti kwa siku za mapumziko ya mwisho wa wiki. Mume wangu alikuwa na zamu kazini, nikamwomba kaka aje, kwani kuna mahali mimi mwanamke siwezi kuingia na baba, msikitini na vyooni. Kaka alisita, akaja.

Mimi kazi yangu ni famasi, na wenzangu kazini wote wanapenda kula. Nilipowauliza wapi pana chakula kizuri Sur, kila mmoja alikuwa na mkahawa wake. Mmoja alisifu nguru wa kuchoma, mwingine papa kwa wali, mwingine jodari. Mmoja alisema niende ufukweni, kuna mtu anatandika mikeka nje, unachagua samaki wako kwenye barafu na unakula huku upepo unakupiga. Nilimwuliza kila mmoja jambo moja: kuna vyumba vya familia? Kwetu mikahawa mingi ina vyumba vidogo, mnakaa chini kwenye zulia, pazia linashushwa, na mwanamke anavua barakoa yake, kile kifuniko cha uso cha wanawake wa kwetu, akala kwa raha. Mimi sivai barakoa.

"Vyumba vina pazia au mlango?" nikamwuliza yule aliyesifu nguru.

"Unakwenda kula au kujificha?" akasema, akacheka.

Nikacheka na mimi.

Tulifika Sur mchana, tukaenda moja kwa moja kwenye mkahawa wa nguru. Upo nyuma ya barabara kubwa, bahari haionekani, na vyumba vyake vimepangwa kwenye ukumbi mrefu, pazia baada ya pazia. Kaka alitazama huku na huku kabla hajamteremsha baba garini. Nilimwona, na nilimshukuru moyoni.

Chumba chetu kilikuwa safi, kiyoyozi kinavuma, hakuna dirisha. Baba alikaa vizuri, akakunja miguu, akapanga kanzu yake. Akauliza, "Bahari iko wapi?"

"Nje, baba. Tutaiona tukishakula."

"Na pazia hili la nini?"

Akalifungua. Kaka akalifunga. Baba akalifungua tena, na kaka akalifunga tena, akitabasamu kwa mhudumu aliyekuwa anapita. Baba akamtazama. "Mnanifungia?" akasema.

Alipokuwa kijana, siku za mapinduzi ya Unguja, aliwahi kuwekwa ndani pamoja na wanaume wengine, kwenye chumba cha skuli, nasi tulijua hivyo kwa mama tu. Yeye hakutaja. Lakini maisha yake yote alilala na mlango wazi, na hilo mimi na kaka tulilijua. Tulilijua na bado tukashusha pazia.

Chakula kikaja. Sinia la wali, nguru mzima amepasuliwa mgongo, rangi yake ya manjano na masizi kidogo pembeni. Nilianza kumtolea baba miba. Alikula matonge machache kwa hamu, nikaanza kupumua. Kaka alikwenda kunawa. Mimi niliinama kutafuta ndimu iliyobiringika chini ya mto wa kuegemea, na nilipoinuka baba hakuwapo.

Nilitoka nikamkuta ukumbini, amesimama, ameshika pazia la chumba cha jirani na amelifungua wazi kabisa. Ndani mlikuwa na wanawake, wameweka barakoa zao pembeni, mikono imejaa wali. Mmoja alikuwa amejifunika uso kwa mkono wa nguo. Mtoto mdogo alikuwa anatazama tu. Na baba yangu, kwa sauti yake ya mwalimu, ya kistaarabu kabisa, alikuwa anawaambia kwa Kiswahili, "Samahanini. Natafuta bahari."

Bwana wao alikuja kutoka kwenye beseni la kunawia, mikono inachuruzika maji. "Mzee, huoni haya?"

Maneno hayo aliambiwa baba yangu. Kaka ndiye aliyefika, akamshika baba mabega, akarudia kwa Kiarabu, "Mgonjwa, tuwie radhi, ni mgonjwa, tuwie radhi." Yule bwana akashusha sauti. Alimtazama baba vizuri, akaelewa, na uso wake ukalainika. Kisha akasema, bila ya ubaya wowote, "Basi mkalisheni nyumbani."

Tulifungiwa chakula kwenye vyombo vya foili. Kaka aliendesha mpaka karibu na bahari akaegesha gari, injini inawaka, vioo vimepandishwa. Baba alikuwa nyuma na chombo mapajani. Mimi nilikuwa mbele, nimegeuka, namtilia samaki mdomoni kwa vidole. Familia moja ilipita na watoto wao, na mtoto mmoja akasimama kututazama mpaka akavutwa. Bahari ilikuwa mbele yetu, imejaa, na baba aliitazama juu ya bega langu.

Kwenye fleti kaka hakukaa. "Kesho asubuhi tunarudi."

"Hajaiona bahari."

"Kaiona."

"Kwenye kioo cha gari."

"Wewe uliwaona wale wanawake, mimi niliwasikia nikiwa kule kwenye beseni. Ulitaka nifanye nini zaidi ya nilivyofanya?"

Baba akatokea mlangoni. "Mnagombana kwa sababu yangu?"

"Hapana, baba," tukasema pamoja.

"Basi kwa sababu ya nani, na humu tumo watatu?"

Siku zile hakuwa akisema maneno kama hayo. Kaka alikaa kwenye kochi, akavua kofia, akasema haya, tubaki, ila chakula tutakula humu humu ndani.

Kesho yake nilikwenda sokoni asubuhi nikanunua jodari, nyama yake nyekundu bado inang'aa. Sufuria ya fleti ilikuwa nyembamba kama karatasi, na mimi akili yangu haikuwa jikoni. Niliunguza. Nikaukwangua weusi, nikaweka ndimu na pilipili, nikampelekea baba. Alitia tonge moja mdomoni. Alitafuna, akameza. Kisha, kwa utulivu, akamsukuma yule samaki ukingoni mwa sahani na kumfunika kwa wali, punje kwa punje, ili mpishi asione kama hakuliwa. Hilo hakulisahau. "Alhamdulillahi," akasema, "nimeshiba." Tangu asubuhi alikuwa amekula kipande cha mkate tu.

Alasiri kaka alimchukua msikitini. Nikiwa naosha ile sufuria simu ikalia.

"Kapotea," kaka akasema. "Nilikuwa natafuta viatu. Nimegeuka tu."

Nilivaa baibui nikashuka ngazi na mikono ina sabuni. Nilikwenda kwa miguu njia ya ufukweni nikitazama kila mzee mwenye kanzu nyeupe, na wote wana kanzu nyeupe. Niliwaza gari, niliwaza maji. Kisha nikamwona kaka, amesimama kando ya nguzo ya taa, hatembei, simu mkononi.

"Yule pale," akasema.

Palikuwa pale pale nilipoambiwa na yule mwenzangu wa famasi, mtu anayetandika mikeka nje. Watu wamekaa familia familia, moshi wa mkaa unakwenda pembeni kwa upepo. Kwenye mkeka wa katikati alikaa baba, kwenye familia ya watu, mbele ya sinia la watu. Alikuwa anakula.

"Kwa nini hujamtoa?"

"Nitamtoaje?" kaka akasema. "Anakula."

Hatukusogea. Watu wazima sisi, mimi nina mtoto chuo kikuu, yeye ana wafanyakazi chini yake, tulisimama kwenye ile nguzo kama watoto waliotumwa dukani wakapoteza walichotumwa. Baba alinyoosha mkono akachukua kipande kilichokuwa mbele ya msichana mdogo. Msichana akamtazama mama yake. Mama akamsogezea kingine. Hapo ndipo nilipokwenda.

Walikuwa bwana na mkewe, mabinti zao wawili, na bibi mmoja mwenye barakoa, mama wa bwana. Nilisalimia. Nilisimama pembeni ya mkeka bila ya kuvua viatu.

"Karibu, dada," yule bwana akasema. "Mzee ni wenu?"

Nilichelewa kujibu. Kitambo kidogo tu, lakini yeye aliona na mimi niliona kwamba ameona.

"Ni baba yangu. Tuwie radhi. Ana maradhi ya kusahau. Namchukua sasa hivi."

"Katupa heshima. Alipita akatusalimia, tukamwambia karibu, akakaa."

Walimwambia karibu kama wanavyowaambia wapita njia wote, na yeye, ambaye alitufundisha kujibu starehe, aliwaamini. Walinijia wote pamoja, ami wa bwana arusi, wale wanawake wa jana, hawa, na mimi nimesimama na sabuni inakauka mikononi. Uso uliniwaka mpaka masikioni.

"Baba, twende."

Alininyanyulia macho, ametulia, ndevu zake zina punje za wali. "Unasimama juu ya chakula cha watu," akasema kwa Kiswahili. "Adabu gani hiyo? Kaa."

Nikakaa. Yule bwana alinieleza kwamba wametoka Al Hamra, wanakuja baharini kila baridi kwa sababu mama yake anapenda kusikia maji. Hawakujua neno la Kiswahili, na Kiarabu cha baba, alichokitumia kusomeshea nusu ya Mudhaibi, siku ile kilikuwa kimemtoka chote. Walikuwa wamekaa naye muda wote huo, yeye anazungumza nao kwa Kiswahili na wao wanaitikia, "Naam, mzee. Naam."

Kisha baba akachukua kipande kikubwa cha samaki, kipande kizuri cha tumboni, akakifunga ndani ya mkate. Nilidhani anakula. Akafungua mfuko wa kanzu yake, akakitia, akaupapasa kwa juu kuhakikisha kimekaa vizuri. Mafuta yakaanza kujichora kwenye kitambaa cheupe.

"Mzee, kula, kipo kingine," mke wa yule bwana akasema.

Baba hakufahamu alichosema. Alinigeukia mimi na kunieleza kwa sauti ya siri, kama anayemweleza mgeni aliyemwona ana sura ya huruma. "Hiki cha wanangu. Hawajala tangu jana. Jana tulikula ndani ya gari, kama watu waliokimbia."

"Anasema nini?" mke akaniuliza.

Ningeweza kumwambia lolote. Ningesema anakushukuruni, anasifu samaki, anakuombeeni dua, na pasingekuwa na mtu wa kunikosoa mpaka kiama. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Lakini baba alikuwa ananitazama, anangoja nifikishe maneno yake, kama alivyokuwa akingoja mwanafunzi amalize kusoma.

"Anasema wanawe hawajala tangu jana."

Yule mwanamke aliutazama mfuko wenye mafuta, akanitazama mimi, baibui langu zuri, saa yangu. "Wanawe ni nani?"

"Mimi," nikasema. "Na yule pale kwenye nguzo."

Wote waligeuka. Kaka aliwaona wanamtazama, akainamia simu yake. Simu haikuwa inalia.

"Mwite," bibi akasema, neno lake la kwanza.

Nilimwita kwa mkono. Alitikisa kichwa. Nilimwita tena. Baba akafuata macho yetu, akamwona, na bila ya kunyanyuka akamwita kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kutoka upande mmoja wa uwanja wa skuli mpaka wa pili, "We mtoto! Njoo ule."

Watu wa mikeka mingine waligeuka pia. Kaka akaja. Alikuja akitazama chini, akavua viatu, akakaa nyuma yangu kidogo kama anayetaka kufichwa na bega langu. Baba akatoa ule mkate mfukoni. Samaki alikuwa amevunjika, na nyuzi za mfuko zimemganda. Alimgawa mara mbili, akatazama nani kapata kidogo, akaongeza kwenye fungu la kaka. "Kuleni," akasema. "Msione haya. Watu hawa wazuri."

Tukala. Mbele ya yule bwana na mkewe na bibi na mabinti, mimi na kaka yangu tulikula samaki aliyetoka mfukoni. Nilizisikia nyuzi kwenye ulimi. Kaka alitafuna muda mrefu kuliko kipande kilivyostahili, macho yake kwenye magoti yake. Yule msichana mdogo alikuwa anatutazama kwa mshangao, na dada yake akamfinya.

Baba alipoona tumemaliza, alipangusa mikono, akageuka upande wa bahari na hakutushughulikia tena.

Wakati wa kunawa, mke wa yule bwana alishika chupa ya maji akanimiminia, kisha nikamnawisha baba, kidole kwa kidole. "Tangu lini?" akaniuliza.

"Huu mwaka wa pili."

Alinipa karatasi za kufutia mikono. Hakusema zaidi. Ningependa aseme. Ningependa aseme hata la kuniumiza, ili nijue kama ananisadiki kwamba baba yangu anakula kwangu, kwamba anakula vizuri, kwamba jodari yule nilimnunua asubuhi na mapema. Nilianza hata kumwambia, "Nyumbani huwa tunampikia," nikaliacha neno katikati, kwa sababu lilikuwa linanuka kujitetea. Yeye akasema, "Mungu akulipeni," kama inavyosemwa kwa kila mtu mwenye mzee, na tukaagana.

Asubuhi ya pili yake mabegi yalikuwa tayari mlangoni. Baba alikuwa hakumbuki Al Hamra wala mkeka. Lakini alipotia viatu miguuni aliuliza, "Tunakula wapi leo? Kule kwenye watu?"

Nilimtazama kaka. Nilidhani atasema tutakula njiani. Alikaa juu ya begi akafikiri, akasema, "Kule kwenye watu."

Tukakaa mkeka wa pembeni, uso kwa bahari. Kaka alimfuata mwenye mkahawa, Mhindi wa Kerala aliyekuwa anapepea mkaa, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mzee wetu anaweza akaenda kukaa kwa watu. Yule mtu hakuacha kupepea. "Wakimkaribisha, akae," akasema.

Alikuwa samaki mzuri kuliko wote niliokula Sur. Changu wa kuchoma, ngozi imekauka, ndani maji yake bado yapo, na wali umepikwa kwa ndimu kavu. Nasema hivi kwa sababu baba alisema, na kaka alisema. Mimi sikuisikia ladha yake sawasawa. Kila mtu wa mkeka wa jirani aliponyanyua kichwa, niliutazama mkono wa baba. Baba alinyoosha mkono mara moja akachukua ndimu ya watu. Kaka aliomba radhi, na wale vijana wakamrushia baba nyingine. Baada ya hapo baba alikula mpaka akalegea, akaegemea mkono, kanzu yake inapepea. Lile doa la mafuta la jana lilikuwa bado lipo. Nilikuwa nimelisugua kwa sabuni ya sahani mpaka kitambaa kikachoka.

Nyumbani mume wangu aliniuliza kama tulikula vizuri. Nilimweleza yote, mapazia, gari, watu wa Al Hamra. Samaki wa mfukoni sikumweleza. Nilimweleza baadaye sana, na hata hapo nilisema alikula kaka.

Mwezi uliofuata kaka alimchukua baba Nizwa kwa siku chache, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu maradhi yaanze. Mchana wa siku moja akanipigia simu. Nilisikia vyombo na sauti za watu nyuma yake.

"Mko wapi?"

"Mkahawa mmoja karibu na soko. Tumekaa nje." Akashusha sauti. "Kachukua mkate wa watu."

"Ukafanyaje?"

"Niliomba radhi. Wakasema hapana neno. Lakini masikio yangu bado yanawaka."

"Na baba?"

"Anakula," kaka akasema. "Ngoja, kuna mwiba," akaweka simu chini bila ya kuikata, na nikabaki nikimsikia anamwambia baba afungue mdomo.